Namba 1 ya The Walking Dead: iuzwe, ingojwe, au isomwe tu?

Msomaji wetu wa Mombasa anauliza: "Kaka yangu anaishi Minnesota. Alipokuja likizo ameniachia sanduku la majarida ya katuni ya The Walking Dead, kama tisini hivi. Kuna namba 1, namba 19, namba 27, na namba 100 ziko tatu. Hakuna hata moja lililopimwa gredi. Nasikia zamani yaliuzwa kwa maelfu ya dola. Niuze sasa au ningoje? Na haya mambo ya mazombi, hayajapitwa na wakati kweli?"

Jibu:

Kabla ya kuuliza bei ya namba 1, hakikisha kwanza ni namba 1 ya mwaka gani. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Namba 1 ya asili ilitolewa na kampuni ya Image Oktoba 2003, ikaandikwa na Robert Kirkman na kuchorwa na Tony Moore. Bei iliyochapwa jaladani ni dola 2.95. Ndani hakuna rangi: ni nyeusi, nyeupe na vivuli vya kijivu, mwanzo hadi mwisho. Fungua ukurasa wenye maandishi madogo ya mchapishaji, yale ambayo hakuna anayeyasoma, utafute mwezi na mwaka. Ukikuta 2003, pumua, kisha liweke chini taratibu.

Ukikuta mwaka mwingine, una mojawapo ya ndugu zake wengi. Mwaka 2011 matoleo ya mwanzo yalichapwa upya, moja kila wiki, na jina la mfululizo huo likaongezewa neno "Weekly". Kuna namba 1 iliyouzwa dola moja ili kuvuta wasomaji wapya. Kuna ya mwaka 2013 ya kutimiza miaka kumi, ambayo kurasa zake zina rangi. Kuna namba 1 nyingi zenye majalada mbadala zilizotolewa kwenye maonyesho ya katuni ya miji mbalimbali ya Marekani, kuna za miaka kumi na tano za 2018, na tangu Oktoba 2020 hadithi nzima imekuwa ikitolewa upya kwa rangi kwa jina la Deluxe. Zote hizo kwa haki ni namba 1, na anayekutangazia "namba 1" kwa dola 20 huenda hasemi uongo wowote. Baadhi ya zile za maonyesho zina wanunuzi wake, lakini bei zao haziko karibu na ya 2003.

Kama ni ya 2003, angalia tena jaladani palipoandikwa "Mature Readers", yaani wasomaji watu wazima. Kuna nakala ambazo maneno hayo ni meupe na nyingine ni meusi. Zenye maandishi meusi wakusanyaji huzihesabu kuwa adimu zaidi, na baadhi ya wanunuzi huziongezea dau. Usilipe wala usitoze nyongeza hiyo bila picha ya karibu inayoonyesha rangi ya maandishi.

Sasa, kwa nini namba hii ina thamani? Sababu kubwa ni idadi. Ya 2003 ilichapwa nakala zipatazo 7,300 tu. Maduka ya katuni ya Marekani huagiza majarida kabla hayajachapwa, na kwa kawaida hayaruhusiwi kurudisha yasiyouzika. Mwenye duka akiona jina asilolijua, tena la nyeusi na nyeupe, anaagiza mawili matatu kisha anangoja aone. Kampuni nayo huchapa kwa kufuata maagizo. Hata Image wenyewe hawakuwa na imani na hadithi ya mazombi. Kirkman amekiri hadharani kwamba ili wamkubalie aliwadanganya kuwa mbele ya safari wangetokea viumbe wa anga za juu, ndio chanzo cha maiti kufufuka. Viumbe hao hawakutokea, na kampuni haikuwa na sababu ya kulalamika.

Linganisha na namba 100 zako tatu. Hiyo ilitoka Julai 2012, tamthilia ya televisheni iliyotokana na katuni hii ikiwa imekwisha kuwasha moto, ikiwa na majalada zaidi ya kumi tofauti. Maduka yaliagiza nakala zaidi ya 380,000. Ndani yake Negan, adui katili, anatokea kwa mara ya kwanza na Glenn, mmoja wa wahusika wa tangu mwanzo, anauawa kwa gongo la besiboli, tukio ambalo hata asiyefuatilia katuni amelisikia. Kihadithi ni toleo zito kuliko namba 1. Ila kila aliyelinunua alijua ni zito, akaliingiza kwenye mfuko wa plastiki siku hiyohiyo. Kwa hiyo leo yapo maelfu kwa maelfu, mapya kama yalivyotoka kiwandani. Kitu ambacho kila mtu amekihifadhi hakiwezi kuadimika.

Wamarekani walifunzwa somo hili kwa gharama kubwa miaka ya 1990. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 ilichapwa nakala zipatazo milioni nane. Superman namba 75 ya mwishoni mwa 1992, anamokufa Superman, iliuzwa kwa mamilioni, na watu walinunua tano tano wakisema ni ada ya chuo ya watoto. Watoto hao sasa wana watoto wao, na nakala ya kawaida ya jarida lile bado inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Upande wa pili kuna Teenage Mutant Ninja Turtles, wale kasa wapiganaji, namba 1 ya 1984. Ilichapwa nakala 3,000 tu, nayo nyeusi na nyeupe, kazi ya vijana wawili wasiojulikana. Kasa wale wamepanda na kushuka kwenye televisheni mara kadhaa tangu wakati huo, lakini kila kizazi kipya kikiwapenda, wanaobanana mlangoni wanagombea karatasi zilezile chache. Namba 1 yako iko upande wa kasa. Namba 100 iko upande wa Superman.

Hata hivyo bei ya namba 1 haikupanda kwa uchache peke yake. Uchache ulikuwepo tangu 2003 na kwa miaka kadhaa haukumsisimua mtu. Kilichoipandisha ni kituo cha AMC kuanza kurusha tamthilia tarehe 31 Oktoba 2010. Usiku wa kufungua msimu wa tano, Oktoba 2014, walitazama watu milioni 17.3. Miaka hiyo nakala ya 2003 yenye gredi 9.8, yaani alama ya hali ya jarida ambayo mwisho wake ni 10, ilikuwa ikipita dola 2,000 kwa urahisi. Kisha watazamaji wakaanza kuondoka msimu baada ya msimu, na sehemu ya mwisho kabisa, Novemba 2022, ilitazamwa usiku huo na watu milioni mbili na kidogo. Katikati hapo, mwaka 2020 na 2021, watu waliokuwa wamefungiwa ndani walipandisha bei ya kila kitu cha kukusanya, kisha upepo ukatulia.

Kwa hiyo yale maelfu uliyoyasikia yalikuwa ya kweli, ila sehemu yake ililetwa na wakisiaji, wanunuzi wanaobahatisha kuwa bei itapanda, ambao huingia tamthilia inapotangazwa na kutoka inapozoeleka. Pesa zao zina tabia ya kuhama. Mfano wa karibu ni Invincible, ya Kirkman huyohuyo, kampuni hiyohiyo, iliyoanza Januari 2003. Ilikaa miaka mingi ikiwa ya bei ya wastani, hadi ilipotoka kama mfululizo wa vibonzo wa televisheni mwaka 2021, na namba 1 yake ikapaa. The Walking Dead ilikwisha kupata zamu yake. Matawi ya tamthilia yaliyofuata mwaka 2023 na 2024, ya Daryl Dixon, ya Maggie na Negan, na ya Rick na Michonne, yamewaweka watu macho lakini hayakurudisha homa ya 2012. Ukingoja kwa kutegemea homa ile irudi, unangojea meli iliyokwisha ng'oa nanga. Ukingoja kwa sababu unaamini hadithi yenyewe itaendelea kupata wasomaji, hapo una hoja, na inahitaji kutazamwa peke yake.

Zombi mwenyewe hana mwenyewe. Filamu ya George Romero ya 1968, Night of the Living Dead, iliyomtengeneza huyu maiti mla watu tunayemjua leo, ilipoteza hakimiliki kwa uzembe: jina la filamu lilipobadilishwa, tangazo la haki lililokuwa kwenye jina la zamani likasahaulika. Tangu hapo kila mtu anamtumia bure. Na kabla ya Romero kulikuwa na zombi wa Haiti, ambaye neno lake wataalamu wengi hulihusisha na lugha za Kongo. Huyo hakuwa mla nyama. Alikuwa mtu aliyedhaniwa amekufa na kuzikwa, kumbe ametekwa na mchawi anatumikishwa shambani bila hiari wala kumbukumbu. Ukimsimulia hayo mtu wa kwetu atakukatiza: "Si msukule huyo?" Ndiye. Hofu ya kunyang'anywa mwili wako ukiwa hai ni ya zamani, na haikuletwa na televisheni wala haitaondoka nayo. Zombi atachusha kwa miaka kumi, atarudi akiwa na sura nyingine.

Ila mazombi kudumu hakuipi The Walking Dead uhakika wowote, kwa kuwa kesho yeyote anaweza kuandika yake. Nguvu ya katuni hii ni watu waliomo. Rick Grimes, askari wa mji mdogo wa Kentucky, anazinduka hospitalini dunia ikiwa imekwisha kufa, na kuanzia hapo swali si nani ataliwa. Ni nani atabaki mtu. Katika namba 24 Rick anawaambia wenzake kwamba wafu wanaotembea, yaani "the walking dead", ni wao wenyewe. Ukishausoma ukurasa ule, jina la kitabu halisomeki tena kama ulivyolisoma siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, hadithi ina mwisho. Mwaka 2019, kwenye namba 193, Kirkman aliifunga bila kumwambia mtu. Alikuwa hata ameruhusu matoleo yaliyofuata yatangazwe kwa maduka ili siri isivuje. Ina pia mchoraji mmoja kwa karibu safari yote, Charlie Adlard, kuanzia namba 7 hadi ya mwisho, kwa hiyo haibadiliki sura kila mwaka kama katuni nyingi za mashujaa. Mwaka 2010 ilipata tuzo ya Eisner, tuzo kubwa ya katuni Marekani, ya mfululizo bora. Leo msomaji mpya anaweza kununua vitabu vinne vinene vyenye zaidi ya kurasa elfu moja kila kimoja na kuimaliza yote. Hadithi ambayo mtu anaweza kuimaliza ana sababu ya kumpa mwingine. Kwa upande huo, maoni yetu ni kwamba itasomwa kwa muda mrefu kuliko itakavyotazamwa.

Lakini angalia upande wa pili wa jambo hilo: msomaji anayenunua kitabu kinene hahitaji namba 57 yako. Kadiri hadithi inavyopatikana kwa urahisi, matoleo ya katikati yanabaki bila mteja, na ya kwanza kabisa ndiyo yanayogeuka kuwa kumbukumbu. Ndiyo maana sanduku moja linaweza kuwa na jarida la mamia ya dola likilaliana na jarida la dola mbili.

Katika sanduku lako, baada ya namba 1 zinafuata 19 na 27. Michonne, mwanamke wa upanga, anatokea mara ya kwanza kwenye 19, mwaka 2005. Gavana, adui mwingine mkubwa, kwenye 27, mwaka 2006. Zote ni za enzi ambayo mauzo yalikuwa chini ya nakala 30,000 kwa toleo, na zote zilichapwa upya kwenye ule mfululizo wa kila wiki wa 2011, basi zikague kwa njia ileile. Tafuta pia namba 2, ambayo nayo ilichapwa chache, na namba 53, anamoingia Abraham, mhusika mwingine maarufu. Ukikuta namba 163, usijisumbue: iliuzwa senti 25 kwa makusudi, zikaagizwa zaidi ya 700,000.

Sasa hali ya jarida. Nawa mikono, ikaushe kabisa, usipake mafuta. Laza jarida kwenye kitambaa safi karibu na dirisha au taa moja, uliinamishe ili mwanga upite juu ya jalada kwa mshazari. Anza na mgongo, pale pini mbili zinapoingia. Utaona vimistari vifupi vinavyotoka kwenye mkunjo kama kope za jicho. Kila kimstari ni mahali jalada lilipokunjwa likifunguliwa. Kama wino umekatika na weupe wa karatasi unaonekana, hilo ni kovu la kudumu. Kama ni bonde tu na rangi iko sawa, fundi wa kugandamiza majarida kwa joto dogo na unyevu kidogo anaweza kulilaza. Usijaribu na pasi ya nyumbani: wino unang'aa, karatasi inajikunja, na gredi inaanguka mara mbili. Halafu tazama pembe nne kama zimevimba, pini kama zina kutu, na kurasa za ndani kama zimeanza unjano pembezoni. Vimistari vitatu vinne vinavyokata rangi vinatosha kulitoa jarida kwenye 9.8 na kulishusha hadi 9.2 au 9.4, na kwa namba 1 tofauti hiyo inaweza kumeza karibu nusu ya bei.

Je, upeleke kupimwa? Kampuni kubwa ya kazi hiyo ni CGC ya Florida, inayopima kwa kipimo cha hadi 10 na kulifungia jarida kwenye kasha gumu. Namba 1 ya kweli, ndiyo, ipeleke, kwa kuwa mnunuzi wa mbali hatalipa bei kamili kwa kuamini picha zako. Kwa 19 na 27 piga hesabu kwanza. Chukua mfano: jarida lisilopimwa linauzika dola 60, likipimwa likapata 9.4 linauzika 90. Ukiuza eBay, makato ni asilimia 13 hivi. Bila kupima unabaki na kama dola 52. Ukilipima, 90 inakuwa 78, ukitoa dola 30 za kupima na 10 za sehemu yake ya posta unabaki na 38. Umejitesa kwa miezi ili upate hasara. Kupima kuna maana tu pale unapotegemea 9.8, au jarida lenyewe ni ghali hata likiwa na makovu.

Bei usiichukue kwenye matangazo, kwa sababu yeyote anaweza kuandika dola 9,000. Chuja uone yaliyokwisha kuuzwa, ya gredi ileile, miezi mitatu iliyopita. Na ukinunua lililopimwa, ingiza namba ya kasha kwenye tovuti ya CGC ulinganishe picha. Mwishoni mwa 2023 kampuni hiyo iligundua mtu aliyekuwa akifungua makasha na kubadilisha majarida, ikalazimika kutoa orodha ya namba za kutiliwa shaka.

Adui wako mkubwa kwa sasa ni hewa ya Mombasa. Karatasi hupenda unyevu wa karibu asilimia 50, na Pwani tuko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Pini zinashika kutu, kutu inahamia kwenye karatasi, jalada linaanza mawimbi. Toa majarida kwenye boksi la kadibodi lililotoka dukani, kwa kuwa mende na mchwa huanzia humo. Kila jarida muhimu lipate mfuko wake wa Mylar (plastiki angavu isiyoharibu karatasi) au wa polipropilini na kadibodi isiyo na asidi nyuma. Epuka mifuko laini ya PVC inayonuka. Yasimamishe wima, yasilale yakikandamizana. Weka kwenye ndoo au sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo. Silika ikishiba ibadilishe au ikaushe, la sivyo umejifungia unyevu ndani. Sanduku likae kwenye kabati la ukuta wa ndani, mbali na sakafu, jua na ukuta unaopigwa na mvua. Kiyoyozi kinachowashwa usiku na kuzimwa asubuhi si msaada mkubwa, maana kupanda na kushuka kwa hali ya hewa ndiko kunakoikunja karatasi.

Ushauri wetu basi. Namba 1, ikiwa ni ya 2003, hakuna haraka ya kuiuza. Haina uwezekano wa kurudi kwenye kilele hivi karibuni, lakini ina sakafu imara chini yake. Ikiwa unahitaji fedha, iuze bila majuto. Usiitume kwa posta kutoka Mombasa: kaka yako akisafiri aibebe kwenye begi la mkononi, ikiwa katikati ya kadibodi mbili ngumu, aitume Florida akiwa hukohuko Marekani kwa bima. Namba 19 na 27 zisafiri naye pia, ziuzwe kule bila kupimwa isipokuwa mgongo ni safi kabisa. Yaliyobaki, uza kwa mafungu ya hadithi kamili, kwa mfano 13 hadi 18 pamoja, kwa kuwa moja moja gharama ya posta italizidi jarida. Na zile namba 100 tatu, angalia kwanza kama majalada yake yanafanana. Kama ni tofauti, yaunge pamoja uyauze kama seti. Kama yanafanana, moja libaki nyumbani la kusomwa.